Nani Anamsukuma?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi karibu na stesheni ya Kamina, nikingoja zamu. Mazungumzo yalianza na garimoshi, kama kawaida yetu: limefika wapi, limekwama wapi. Kisha kijana mmoja akasema kuna mama wa mtaani kwao Dimayi anayetaka kugombea udiwani wa komini. Baba mmoja, mtu wa heshima zake, akauliza bila hata kuinua kichwa: "Huyo mama, nani anamsukuma?"

Tukacheka wote. Mimi pia. Kicheko hicho ndicho kinachoninyima usingizi tangu siku ile.

Maana swali lenyewe si baya. Ubaya wake ni kwamba linaulizwa upande mmoja. Hapa kwetu meya wa mji na burugumesta wa komini, kwa miaka na miaka, wameletwa kwa amri ya rais. Hakuna aliyepigiwa kura na jirani yake. Kila mmoja amesukumwa na mkono fulani, tena wengine wamesukumwa hadi jasho likamtoka msukumaji! Mbona kwa hao hatuulizi? Mwanamume akiteuliwa tunasema ana uzito. Mwanamke akiteuliwa, tunatafuta nani kambeba.

Na tukienda nyuma zaidi, wanaume walisukumwa kabla ya wote. Mwaka 1957, Wabelgiji walipofungua uchaguzi wa komini Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, waliopiga kura ni wanaume peke yao. Mama zetu walingoja hadi katiba ya 1967. Mtu aliyetangulizwa miaka kumi kwenye mbio halafu anamuuliza mwenzake kwa nini amechelewa! Basi.

Najua baba yule angenijibu nini. Angesema: sheria ya uchaguzi ya 2022 imeisamehe dhamana ya kugombea orodha yenye nusu ya wanawake, basi vyama vinajaza majina ya akina mama ili visilipe. Ni kweli, inatokea. Lakini nani anayejaza? Si yule mama wa Dimayi. Ni mwenye chama, na wenye vyama karibu wote ni wanaume. Hila ni yake, aibu tunambebesha mama.

Wanawake walioongoza huku si hadithi. Lubumbashi imekuwa na meya mwanamke, Marie-Grégoire Tambila, na jimbo letu la Haut-Lomami lilimpata gavana Isabelle Yumba Kalenga mwaka 2022. Sisemi walikuwa malaika. Nataka wapimwe kwa mifereji, takataka na soko, vile vile tunavyopaswa kuwapima wanaume, ingawa wanaume hatuwapimi kwa lolote.

Tarehe 20 Desemba 2023 Kamina ilipiga kura ya madiwani wa komini, ya kwanza chini ya katiba ya 2006, na ni komini za miji mikuu ya majimbo tu zilizopata bahati hiyo. Sheria inataka madiwani hao ndio wamchague burugumesta. Hapo ndipo swali la baba lingekuwa na maana: diwani, mwanamume au mwanamke, anasukumwa na nani? Mtaa wake, au mtu wa Kinshasa?

Nilipotoka, nilimkuta mama mwenye samaki wakavu mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa mbao hauzuii neno. Nikanunua. Akafungua kifundo kwenye ncha ya kikwembe kutafuta chenji, na kabla faranga hazijatoka zikatoka tikiti za ushuru wa soko, zimekunjwa ndogondogo, zimechakaa, zinanuka samaki. Moja kwa kila siku aliyoketi pale.

"Hela hizi zinakwenda wapi, mama?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidevu ndani, kwa baba aliyekuwa sasa chini ya wembe.

"Muulize yule. Si ndiye anayejua nani anasukuma nani?"