Msusi na Siri ya Mteja

Kazi nyingi za mikono hushughulika na vitu. Seremala hushika mbao, mwashi hushika mawe, na mshoni hushika nguo. Msusi hushika kichwa cha mtu hai. Mteja huketi, huvua kitambaa, huinamisha shingo, na kwa saa tatu au nne huwa mikononi mwa mwanamke mwenziwe. Katika muda huo msusi huona yale ambayo jirani hayaoni: uvimbe nyuma ya sikio, kovu jipya utosini, au mahali ambapo nywele zimeng'olewa na mkono wa hasira. Basi swali lazuka: aliyeona, yampasa nini?

Swali hili si la kubuni. Kamukuywa ni soko la Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, na kama masoko mengine ya njia kuu lina wasusi wake. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 34 katika kila 100 nchini Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Katika Bungoma hesabu ilikuwa 62, kubwa kuliko ya kaunti nyingine zote.

Wako wasemao kuwa mambo ya nyumba hayamhusu mgeni, na kwamba haki ya msusi ni kitana na ujira wake. Rai hii ina chembe ya ukweli, kwani kila nyumba yastahili stara. Lakini stara ni nguo ya kufunika mwili, si ya kuziba kinywa cha mtu anayelia. Tena sheria ya nchi imekwisha kusema. Sheria ya mwaka 2015 juu ya ukatili wa nyumbani haikutaja kipigo tu. Ilitaja pia vitisho, mateso ya moyo na kunyimwa mali, ikaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumlinda aliyeumizwa.

Wako wengine ambao hupotea kwa upande wa pili. Hutaka msusi akimbilie polisi mara aonapo alama, au amwamuru mteja aihame nyumba siku ile ile. Huruma yao ni njema, lakini pupa yao ina hatari. Mpigaji huzidi ukali aonapo mamlaka yake yakimponyoka, na mwanamke aondokaye bila matayarisho huweza kukutwa na baya kuliko lile alilolikimbia. Zaidi ya hayo, mtu aliyezoea kuamuliwa kila jambo na mume haponi kwa kuamuliwa na msusi. Huwa amebadili bwana tu.

Katikati ya njia hizi mbili upo wajibu wa kweli. Kwanza ni kusikiliza. Wakiwa peke yao, msusi aulize kwa upole, "Mama, nyumbani kuna amani?" Akijibiwa kuwa amani ipo, asishindane. Nywele zitafumuliwa baada ya wiki chache, na mteja atarudi kwa mtu ambaye aliwahi kumwuliza.

Pili ni kutunza siri. Ukuta wa mabati hauzuii sauti, na juu ya benchi huketi wangojao zamu. Neno lililotamkwa asubuhi huweza kumfikia mume kabla ya jua kuchwa, na malipo yake yakawa kipigo kingine. Siri humlinda mwenyewe. Umbea humfurahisha msemaji. Lakini siri ina mpaka. Maisha yakiwa hatarini, au mtoto akiumizwa, kunyamaza huwa kushiriki. Mtoto hana uwezo wa kujichagulia, na namba 116 imewekwa kwa ajili yake.

Tatu ni kuonyesha njia. Msusi ajue kuwa namba 1195 hupigwa bure, kwamba vituo vya polisi vina dawati la jinsia, na kwamba majeraha yaonwe hospitalini mapema na kuandikwa katika fomu ya P3. Namba isiachwe katika simu ambayo mume huipekua. Ikaririwe kama shairi.

Jimbo la Illinois, Marekani, liliona manufaa ya wajibu huu. Tangu mwaka 2017 sheria yake imewataka watengeneza nywele wapate mafunzo ya saa moja juu ya ukatili wa nyumbani, bila kuwalazimisha kumshtaki mtu. Lililotakiwa kwao ni kujua dalili, na kujua pa kumwelekeza mtu.

Msomaji kijana, kesho utakuwa na kazi yako: kinyozi, muuguzi, mwalimu au dereva. Katika kila kazi kuna saa ambayo mtu huinamisha kichwa mbele yako. Usijifanye hakimu wake, wala usijifanye kipofu. Mwachie uamuzi, lakini usimwache peke yake.