Jicho moja halidanganyi, lakini halitoshi



Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa nzima, nikarudi nyumbani siku ile ile, jicho la kulia limefungwa bandeji. Baada ya Magharibi nikakaa mkekani kama ilivyo ada yangu, nikavuta chupa ya chai, nikamimina. Chupa naiona, kikombe nakiona, chai inavyotoka naiona. Yote ikaishia kwenye sinia. Mjukuu wangu akacheka: "Babu, kikombe kiko huku!" Ilinibidi niugusishe mdomo wa chupa kwenye ukingo wa kikombe ndipo nikapata pa kumimina. Baadaye akaja jirani kunijulia hali. Akaninyooshea mkono, nami nikanyoosha wangu, nikashika hewa.

Bandeji ilitolewa siku ya pili, na Alhamdulillah naona vizuri kuliko zamani. Lakini jambo moja limenikaa moyoni tangu siku ile. Sikushangazwa na kuimwaga chai. Kilichonishangaza ni kwamba kabla ya kuimwaga sikuhisi kuwa nimepungukiwa na kitu. Chumba nilikiona chote, rangi zilikuwa zile zile na sura za watu zile zile. Kama si ile chai kumwagika, ningeapa kwamba naona sawasawa.

Hebu jaribu mwenyewe. Chukua kalamu mbili, moja kila mkono, nyoosha mikono, fumba jicho moja kisha ukutanishe ncha za kalamu hizo kwa mara moja. Wengi watazipishanisha. Fumbua jicho la pili ujaribu tena, utaona zinakutana bila taabu. Au muulize fundi cherehani kama atakubali kutia uzi kwenye tundu la sindano huku amefumba jicho moja.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Baina ya mboni mbili za mtu mzima kuna umbali wa kama sentimita 6 hivi. Kwa hiyo macho mawili hayaoni picha moja. La kushoto linaona ubavu wa kushoto wa kikombe zaidi kidogo, na la kulia linaona ubavu wa kulia zaidi kidogo. Simamisha kidole mbele ya pua, ufumbe jicho hili, kisha lile, utakiona kidole kinaruka huku na huku. Ubongo unazipokea picha hizo mbili zinazotofautiana, na katika tofauti yao unajua kipi kiko karibu, kipi kiko mbali na kwa kiasi gani. Yaani kina cha vitu tunakipata mahali pale pale ambapo macho yetu mawili hayakubaliani.

Wanazuoni wetu walilitazama jambo hili zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu na mwaka 1040, alilichunguza kwa majaribio katika Kitab al-Manazir, akitumia ubao wenye mistari na vitu vidogo alivyovisimamisha juu yake, ili ajue ni wakati gani macho mawili huona kitu kimoja na wakati gani kitu hicho huonekana viwili. Karne nane baadaye, mwaka 1838, Muingereza Charles Wheatstone alitangaza kifaa chake cha vioo. Alichora michoro miwili ya kitu kimoja, mmoja kama kinavyoonekana kwa jicho la kushoto na mwingine kama kinavyoonekana kwa la kulia. Kila mchoro peke yake ulikuwa bapa kama karatasi yake. Mtu alipoitazama yote miwili kwa pamoja, kila jicho na mchoro wake, kitu kile kilisimama mbele yake kama unaweza kukishika. Ukiweka michoro miwili inayofanana kabisa, hakisimami kitu. Shika hilo, nitalirudia.

Lipo na la pili. Ndani ya kila jicho kuna sehemu ndogo isiyoona, pale mshipa wa fahamu unapotoka kwenda kwenye ubongo. Mfaransa Edme Mariotte aliligundua hilo katika karne ya 17. Lakini hata ukifumba jicho moja, huoni tundu jeusi popote. Ubongo unapaziba kwa kukisia kutokana na vilivyo pembeni yake, wala haukuambii kwamba umekisia. Ukiwa na macho mawili, pasipoona hili panaonwa na lile.

Hapa nisieleweke vibaya. Simsemi mwenye chongo, ambaye huo ni mtihani wake kutoka kwa Mola wake. Tena mwenye jicho moja mara nyingi hutushinda. Mansoor Ali Khan Pataudi wa India alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia katika ajali ya gari huko Hove, Uingereza, mwezi Julai 1961, akiwa na miaka 20. Mchezo wake ulikuwa kriketi, ambao mpigaji hukabili mpira mgumu unaomjia kwa kasi kubwa. Ilibidi ajifunze upya kusimama na kupiga. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa akiichezea timu ya taifa lake, na Machi 1962 akawa nahodha wake. Mwenye jicho moja anajua alichokikosa, kwa hiyo hugeuza shingo, husogea, hutazama vivuli, hupima mara mbili. Mwenye kutisha ni yule mwenye macho mawili aliyefumba moja na asijue kuwa amelifumba.

Mtu huyo nilikuwa mimi, na wala sisemi habari za bandeji.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu. Nilimjua tangu akisoma madrasa, na ndoa yake nilihudhuria. Akanieleza kwamba mkewe ametoka nyumbani bila ya idhini yake, amekwenda kwao, siku ya nane sasa, na ametumiwa ujumbe arudi akakataa. Akaniambia pia kwamba amechukua pesa zilizokuwa kabatini. Nikamuuliza maswali, akajibu yote bila kubabaika. Nikawaita na rafiki zake wawili wa barazani, wakathibitisha neno kwa neno. Nikajiona nimefanya uadilifu, maana nina mashahidi. Nikamwambia, mwanangu, mwanamke wa namna hiyo hakufai. Akaandika talaka wiki ile ile.

Eda ilikuwa imekwisha nilipokutana na kaka wa yule binti kwenye maziko. Hakunigombeza. Alinieleza tu, kwa adabu, kwamba usiku ule mama yao alipata kiharusi. Binti alimpigia mumewe simu mara tatu isipokewe, akamuaga mama mkwe wake, akatoka. Kabatini alichukua pesa ya gari na ya dawa. Ama kurudi, alisema atarudi mama akiweza kukaa, na akamuomba mumewe aende akamuone mgonjwa. Hakwenda. Kwa upande mwingine, kaka yule hakumfichia dadake: alikiri kwamba alimjibu mumewe maneno mazito ambayo mke hapaswi kumwambia mume, na kwamba yalimuuma.

Ndugu msomaji, tazama. Kijana yule hakunidanganya. Mke alitoka kweli, alichukua pesa kweli, alikataa kurudi kweli. Jicho moja halikudanganya, ila liliniletea picha bapa, nami nikaimwagia chai. Kilichomwagika safari hii ni ndoa ya watu, na mtoto wa miaka miwili akaenda kulelewa na bibi yake.

Na wale mashahidi wawili? Hapo ndipo narudi kwenye michoro ya Wheatstone. Rafiki wawili wa mume, waliosikia habari kutoka kwa mume, ni michoro miwili inayofanana. Ningewaita hata kumi nisingepata kina chochote. Tunajidanganya tunapohesabu watu badala ya kuhesabu pembe walizosimama. Mtu husoma habari hiyo hiyo kwenye magazeti matatu yaliyoinukuu kutoka sehemu moja, au hutumiwa ujumbe ule ule na watu ishirini kwenye simu yake, akasema jambo hili limethibiti. Halijathibiti, limerudiwa tu.

Ajabu ni kwamba nilikuwa nafundishwa haya tangu utotoni. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, panapohofiwa mfarakano baina ya mume na mke tumeamrishwa kuleta muamuzi kutoka jamaa za mume na muamuzi kutoka jamaa za mke. Hatukuambiwa tulete wawili walio bora kutoka popote. Kila mmoja atoke upande wake, yaani waamuzi wawili walio mahali pawili. Na Mtume (SAW) alipomtuma Ali (RA) kuwa kadhi Yemen, alimuelekeza asihukumu baina ya watu wawili mpaka amsikilize na wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Ali alikuwa mwerevu na mcha Mungu, na bado alihitaji kuambiwa hivyo, kwa sababu werevu hauzibi pengo la jicho lililofumbwa. Pengine huliongeza, maana mwerevu hukisia vizuri zaidi mahali asipoona.

Atasema mtu: kwa hiyo ukweli daima uko katikati? Dhalimu na aliyedhulumiwa tugawe nusu kwa nusu? Hapana. Ubongo haukati picha mbili katikati ukachukua wastani. Ungefanya hivyo ungepata ukungu. Unazitumia zote mbili kujua kitu kilipo hasa. Kikombe kikiwa kulia, macho mawili yatasema kiko kulia. Vivyo hivyo, ukisikiliza pande mbili huenda ukakuta mmoja ana haki yote na mwingine hana hata chembe. Tofauti ni kwamba sasa umejua, zamani ulikisia. Hata mwizi aliyekamatwa na mali mkononi asikilizwe, kisha kama ni mwizi hukumu ipite.

Na atasema mwingine: nani ana muda huo katika kila jambo? Maneno ya kweli. Lakini angalia macho yanavyofanya kazi. Ukitazama mwezi, jicho hili na lile vinaona picha moja, maana mwezi uko mbali mno. Faida kubwa ya macho mawili iko kwenye vitu vya karibu: kikombe, sindano, ngazi unayoishuka, mkono wa jirani. Sikuombi uwe kadhi wa dunia nzima. Nakuomba macho mawili kwa watu unaoweza kuwafikia kwa miguu, yaani mkeo, mkweo, mpangaji wako, imamu wa msikiti wako, mfanyakazi wako wa ndani. Hao ndio tunaowaumiza kwa kukosea kipimo.

Wazee wetu walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Na kengeza lenyewe lina somo. Mtoto mwenye kengeza hupokea picha mbili ambazo ubongo wake hauwezi kuziunganisha. Ubongo, kuepuka usumbufu, huanza kulipuuza jicho moja. Jicho lile zima, halina kidonda, lakini kwa kupuuzwa tu huzidi kupoteza nguvu ya kuona. Na moja ya tiba, ikiwahiwa utotoni, ni kuliziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku, ili lililopuuzwa lilazimike kufanya kazi.

Tiba hii nimeamua kuitumia kwa nafsi yangu. Mtu ninayempenda au kumuamini akinijia na shauri dhidi ya mwenzake, naliziba kwanza lile jicho langu zuri. Namuomba anieleze kisa kile kile kama mwenzake angekieleza, na kwa namna ambayo huyo mwenzake angesikia aseme, naam, ndivyo. Wengi hushindwa. Wengine hunyamaza kidogo, kisha husema, "Mzee, basi ngoja kwanza." Kisha namtafuta mwenzake.

Mwaka ule ule nilikwenda nyumbani kwa yule binti kumuomba radhi. Alikuwa akimlisha mama yake uji. Akaniamkia shikamoo kama mtoto wangu, akanitandikia mkeka. Nikasema niliyokuja kuyasema. Akainamisha kichwa muda mrefu, kisha akanijibu kwa sauti ndogo: "Nimekusamehe, baba. Lakini ungeniuliza tu."

Kila asubuhi nikimimina chai na ikaingia kikombeni, maneno yale hunirudia. Katika Surat Al-Balad, Allah (SW) anatukumbusha kwamba ametupa macho mawili. Tutaulizwa tuliyatumiaje.

Wabillahi tawfiq.