Ni Kweli, Lakini Je, Ni Halali Yetu?



Anayefuata mpira wa Uingereza, na katika mabweni yetu hapa Bujumbura ni wachache wasioufuata, anayajua majina mawili: Wayne Rooney wa Manchester United, na Jamie Vardy aliyetwaa ubingwa na Leicester City mwaka 2016. Miaka michache baadaye majina hayo yalivuma kwa jambo lisilohusu mabao. Wake zao, Coleen Rooney na Rebekah Vardy, walifikishana Mahakama Kuu ya London kwa kesi ya kuchafuliwa jina. Kesi yenyewe imekwisha. Ninayetaka kumjadili leo ni mtazamaji: yule ambaye hakuwa mdai, wala mdaiwa, wala shahidi, lakini alikula karamu ya kesi ile mpaka akashiba.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Bi Coleen aligundua kwamba habari alizokuwa akiwaonyesha watu aliowachagua tu katika ukurasa wake wa siri wa Instagram zinatokea katika gazeti la The Sun. Akaweka mtego. Akawafungia wote wasione, akaacha akaunti moja tu, kisha akaandika habari za uongo: kwamba amekwenda Mexico kutafuta njia ya kuchagua jinsia ya mtoto, kwamba anarudi kwenye televisheni, kwamba maji yamejaa chumba cha chini cha nyumba yake. Habari zikafika gazetini. Oktoba 2019 akautangazia ulimwengu kwamba akaunti ile ni ya Rebekah Vardy. Waingereza wakamtungia jina la utani, Wagatha Christie: neno WAG, wanavyowaita wake na wapenzi wa wachezaji, likaunganishwa na jina la Agatha Christie, mtunzi wa hadithi za upelelezi.

Bi Rebekah akakana, kisha akashtaki. Mei 2022 kesi ikasikilizwa. Ujumbe wa WhatsApp kati yake na wakala wake ukasomwa mbele ya watu. Simu ya wakala huyo, ambayo ingeweza kutoa ushahidi zaidi, ikaelezwa kuwa imeanguka katika Bahari ya Kaskazini. Tarehe 29 Julai 2022 Jaji Steyn akaamua kwamba alichosema Bi Coleen kilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Mdai akashindwa, akaamriwa alipe asilimia 90 ya gharama za mwenzake, na paundi 800,000 zitangulie. Ubishi juu ya hesabu hiyo ukaendelea hadi mwaka 2025, walipokubaliana kiasi kinachozidi paundi milioni 1.1. Hapo hatujahesabu alichowalipa mawakili wake mwenyewe.

Na watu je? Watu walifurahi. Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kabla mwaka 2022 haujaisha, maneno yaliyosemwa mahakamani yalikuwa yamegeuzwa mchezo wa jukwaani London na tamthilia ya televisheni. Kufurahi huko pengine ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba, tangu siku ile ya Oktoba 2019, Bi Rebekah akiwa na mimba ya miezi saba, alitumiwa matusi na maneno ya kumtakia mabaya yeye na mtoto aliye tumboni. Jaji yule yule aliyeamua dhidi yake aliandika katika hukumu kwamba hakuna lolote lililothibitika katika kesi linaloweza kuhalalisha unyama huo.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Jambo likithibitika kuwa kweli, sisi tusiohusika tumepewa nini?

Nilimuuliza rafiki yangu anayesoma sheria. Akanijibu kwamba katika sheria ya Uingereza ya mwaka 2013 kuhusu kuchafua jina, ukweli ni kinga kamili: ukithibitisha kwamba ulichosema ni kweli, umetoka. "Basi," akasema, "kama ni kweli, kosa liko wapi?" Sina ugomvi na sheria hiyo. Mahakama haiwezi kumtoza mtu fidia kwa kusema kweli, la sivyo kila mwizi mwenye pesa atawafunga watu midomo. Lakini sheria inajibu swali moja tu, nalo ni nani amlipe nani. Haijibu kama mimi, niliye mbali, nina haki ya kuifanya aibu ya mtu kuwa chakula changu cha jioni.

Katika dini yetu swali hili lina jibu la zamani. Mtume (s.a.w.) aliulizwa itakuwaje ikiwa lile linalosemwa juu ya ndugu kweli analo. Akafundisha kwamba hiyo ndiyo ghiba; asipokuwa nalo, huo ni uzushi. Tazama, ndugu yangu: ukweli, ambao mahakamani ni kinga, hapa ndio unaolifanya kosa liwe ghiba. Na Suratul Hujurat imeifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Maiti hawezi kujitetea, na nyama yake haimnufaishi aliyeila.

Kuna watakaosema, "Lakini hawa si Waislamu, ni matajiri wa Ulaya, wala hawatatusikia." Ni kweli hawatatusikia. Lakini ulimi ni wangu, na mazoea ya ulimi ni yangu. Anayejizoeza kwa mtu wa mbali, siku moja atamgeukia wa chumba cha pili.

Wengine watasema mastaa wamejianika wenyewe. Waliyoyaanika, sawa. Lakini kesi hii yote ilianza kwa sababu ya mambo ambayo mtu hakuyaanika. Gazeti liliyataka kwa kuwa lilijua wasomaji wapo. Bila mlaji, siri ya Bi Coleen isingekuwa na bei. Wale wale waliomlaani Bi Rebekah kwa siri za mwenzake kuvuja ndio waliosubiri kila asubuhi kusoma ujumbe wake wa faragha na wakala wake. Walichukia bidhaa ilivyopatikana, huku wakiinunua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi maovu yafichwe. Imam an-Nawawi ametaja sababu sita ambazo kwazo inajuzu kumtaja mtu kwa asilolipenda, zikiwemo kudai haki mbele ya mwenye mamlaka, kuomba fatwa, na kuwatahadharisha watu. Bi Coleen alikuwa ameibiwa siri zake, akalalamika. Na kesi lazima isikilizwe hadharani ili haki ionekane. Ila sababu zote hizo zina mwisho. Haki ikirudi, tahadhari ikifika, mlango hufungwa.

Sasa niwarudishe nyumbani. Katika bweni moja ninalolijua, kijana aliyekabidhiwa mchango wa futari alikula sehemu ya fedha. Kamati ilimwita, akakiri, akalipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Amana ya fedha hakupewa tena, na hilo ni sawa. Lakini kuna aliyerekodi sauti yake siku ya kukiri, akiwa analia, akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Kutoka hapo ikaenda vyuo vingine. Miezi mingi baadaye, akipita uwanjani, mtu huifungua sauti ile kwa nguvu na wengine hucheka. Siku hizi haji tena katika swala ya jamaa. Ukikemea, unajibiwa, "Kwani hakuiba?"

Aliiba. Deni lilikuwa la waliofunga, nao wamelipwa. Huyu aliye chuo kingine, anayesikiliza kilio cha mtu asiyemjua, anadai nini? Mahakama ya London ilipomhukumu Bi Rebekah iliandika kiasi: asilimia 90, paundi 800,000 kwanza, salio baadaye. Siku moja deni lile linakwisha. Hukumu ya umati haina kiasi, haina karani wa kuandika kwamba imekwisha kulipwa, na kila anayeshiriki husema yeye ametuma mara moja tu.

Ndiyo maana naona kipimo ni swali jepesi kabla ya kusimulia au kutuma: je, kuna haki itakayorudi au madhara yatakayozuilika kwa huyu kulijua jambo hili? Likiwepo, mwambie anayehusika, kwa kiasi kinachotosha. Lisipokuwepo, hata liwe limethibitishwa na majaji, si halali yetu.

Ile sauti bado imo katika simu za baadhi yetu tunaosoma ukurasa huu. Ifutwe leo. Na anayemjua kijana yule amfuate, amsalimie, amwambie nafasi yake katika safu ingali wazi.

Wabillahi tawfiq.