Siku Kumi za Bobi

Dada yangu alinipigia simu jioni moja ya Machi nikiwa maktaba. Nikatoka nje kupokea.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe unasomea maadili, na intaneti ya chuo ni ya bure. Nitafutie mbwa. Awe mdogo, wa watoto, asiyeng'ata."

Anaishi Mtabila, wilayani Kasulu, na mumewe na watoto wawili. Wa kike ana miaka sita, wa kiume mitatu. Yule mkubwa ameona kwenye katuni kijibwa cheupe kinacholala kitanda kimoja na watoto, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Shemeji hakukataa, kwa sababu vicheche vimemaliza vifaranga. Dada alikuwa na sharti moja tu, na alilirudia mara mbili: asiwe kama Bobi.

Niliposikia jina hilo nikajibu haraka kwamba nitatafuta, nikakata simu.

Nilitafuta kwa bidii ya mwanafunzi. Nikachora jedwali: aina, uzito, tabia, bei. Chihuahua hazidi kilo tatu, na mtoto wa miaka mitatu akimwangusha anaweza kumvunja mguu. Maltese ana manyoya meupe kama ya kwenye katuni, ila yanataka kuchanwa kila siku, na dada yangu hapati muda wa kuchana hata nywele za binti yake. Pug ni mpole kwa watoto, lakini watu wamechagua uso mfupi kizazi baada ya kizazi hadi pua haipitishi hewa sawasawa. Kasulu kuna ubaridi, ndiyo, lakini kufika huko kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja za basi na joto. Cavalier King Charles Spaniel husifiwa sana kwa familia zenye watoto. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuendelea kumzalisha kwa namna inavyofanyika kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya magonjwa anayozaliwa nayo: moyo dhaifu, na fuvu lisiloutosha ubongo wake.

Kadiri jedwali lilivyorefuka ndivyo nilivyoona kwamba wanaouza mbwa hawa wanauza kitu kimoja kwa majina mengi. Wanauza ahadi. Lipa, nasi tutakupa mnyama ambaye upole umeshafanyiwa kazi kabla hajafika kwako. Katika kurasa zote nilizosoma niliulizwa ninataka mbwa wa namna gani. Ni chache sana zilizouliza sisi ni watu wa namna gani.

Kisha nikamkuta Basenji, nikacheka peke yangu. Huyu ni mbwa wa Kongo, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika kwetu. Ana kilo kumi hivi, masikio wima, mkia uliojikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji humvalisha kengele ya mbao shingoni wasimpoteze porini. Waingereza waliwapeleka kwao miaka ya 1930, wakawafungulia vitabu vya ukoo, wakawabakishia jina la dharau: mbwa wa washenzi. Neno ni hili hili letu. Leo mshenzi huyu ana cheti na huuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Anayefanana naye aliyebaki kijijini tunamwita koko na kumrushia jiwe.

Niliitazama picha yake kwa muda mrefu. Alifanana na Bobi.

Mtabila niliyokulia ilikuwa na kambi ya wakimbizi. Warundi walimiminika Kigoma baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na kambi ya Mtabila ilidumu hadi Desemba 2012 ilipofungwa. Leo mahali pale kuna kikosi cha JKT. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo sisi watoto hatukuhitaji mkalimani. Mama mmoja wa kambini alikuwa akija kulima kwetu na mwanawe, mvulana wa rika langu, na nyuma ya mvulana huyo alikuwepo mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe. Siku chache kabla ya kuondoka, mvulana alimleta Bobi kwa kamba ya katani. Alisema mbwa hatapanda gari. Alisema tumtunze, akirudi atamchukua. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliishika kamba mimi.

Bobi alikaa nasi miezi mitano. Jioni moja ya 2013 alikuwa anakula ugali wa jana na vichwa vya migebuka. Nikamnyang'anya kichwa kimoja mdomoni ili nione atafanya nini. Akanitazama. Nikamrudishia, nikamnyang'anya tena. Mara ya tatu alinguruma na mimi nikacheka. Mara ya nne akaning'ata kiganja.

Dada, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alinikuta nikilia huku damu ikichuruzika hadi kwenye kiwiko. Baba akauliza, "Umemfanya nini?" Nikasema, "Sijamfanya kitu. Nilikuwa napita tu."

Watu wa huko wanajua maana ya sentensi hiyo. Mbwa anayemrukia mtu apitaye bila sababu ana kichaa. Baba na jirani wawili walimmaliza kwa fimbo kabla jua halijazama. Dada alinishika kichwa kifuani kwake ili nisione, lakini masikio hakuyaziba.

Sitaki kumfanya baba mjinga katika habari hii. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 kwa mwaka duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutoka kwa mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Baba alimwogopea mwanawe kitu cha kweli.

Lakini kuna jambo nililolisoma nikiwa mtu mzima ambalo limenikalia vibaya. Mtu akishang'atwa, jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na sindano huanza bila kusubiri. Mbwa, kama anaonekana mzima, hafai kuuawa. Hufungwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku kumi. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, basi siku ile aliyong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa, na sindano zaweza kusimamishwa. Mbwa aliye hai ndiye ushahidi. Sisi tuliuua ushahidi, kwa hiyo nilichomwa dozi zote tano, na baba akauza maharage ya mbegu kulipia safari. Mama alinikaripia kwa methali, "Ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini," bila kujua alivyoukaribia ukweli.

Kant alifundisha kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa hata akizeeka, na kwamba anayewatendea wanyama ukatili huwa mgumu pia kwa watu. Nilipoisoma hoja hiyo darasani niliipenda, kisha ikanichosha. Kwake, deni kwa mbwa ni deni kwa ubinadamu wetu tu. Mbwa ni mahali pa kufanyia mazoezi. Bobi hakuwa zoezi langu. Alikuwa na njaa, alikuwa na kichwa cha mgebuka, na alinionya mara tatu kwa lugha pekee aliyokuwa nayo.

Wenzangu wa semina huniuliza: kati ya mtoto na mbwa, si lazima tumchague mtoto? Ndiyo, ikifika hapo. Ila jioni ile haikufika hapo. Nilichokuwa nakiepuka ni kofi la baba. Mizani ilikuwa na kofi upande mmoja na uhai upande wa pili, na niliipima haraka sana.

Mwaka 2015 Warundi walivuka mpaka tena, wakajaa Nyarugusu na Nduta. Kila niliposhuka sokoni Kasulu niliogopa kukutana na kijana wa rika langu akiulizia mbwa wake.

Sasa unaona kwa nini jedwali langu halikuwa na maana. Dada hakuwa anatafuta mbwa mdogo. Alikuwa anamkwepa mbwa ambaye hajawahi kuwepo, yule anayeng'ata bila sababu, na huyo nilimtengeneza mimi kwa maneno matano. Ningemtumia jina la aina yoyote, hata ya kilo mbili, ningekuwa nimeurudia uongo ule kwa adabu zaidi. Kwa kuwa hakuna aina isiyong'ata. Wapo wenye subira nyingi na wenye subira chache, na subira yoyote ina mara ya nne.

Nilimpigia Jumapili. "Dada," nilisema, "Bobi hakuning'ata bure." Nikamweleza yote, vichwa vya migebuka, mara ya kwanza hadi ya nne. Nyuma yake nilimsikia mdogo akidai uji.

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Miaka yote hii nikiona mbwa navuka barabara. Nimewafundisha na wanangu kuvuka."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, nikajua radhi nyingine haina wa kuipokea. Mwisho nikamwambia nilichokuwa nacho. Amwone bwana mifugo, atafute kwa majirani mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu, umri wa kuchanjwa kichaa. Asimwache yule wa miaka mitatu na mbwa peke yao hata kidogo. Na nyumba nzima ishike sheria moja: anayekula haguswi, anayelala haguswi.

"Huyo ni koko tu," alisema.

"Ni koko."

Akasema atafikiri, akakata bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Wiki mbili baadaye niliamka na picha kwenye simu. Mtoto wa mbwa wa kahawia yuko chini ya mgomba, kichwa ndani ya sufuria kuukuu. Hatua tatu nyuma yake amechuchumaa binti wa dada, mikono ameibana katikati ya magoti kwa nguvu. Chini ya picha dada aliandika: "Amechanjwa jana. Anakula. Tunasubiri amalize."