Tukishuhudia, Mama Aliyefiwa Anasikia Nini?

Somo: Matendo ya Mitume 12:1–17

Wengi wenu mnaikumbuka ile Jumapili niliyosimama mbele na mtoto kwenye leso nikashuhudia. Mlipiga makofi na vigelegele. Leo nataka kuurekebisha ushuhuda ule, kwa sababu ulikuwa na kosa ndani yake, na kosa lilikuwa langu.

Mtoto wangu alizaliwa wiki ya 30. Kichwa kilikuwa kimeniuma siku mbili, miguu ikavimba, na presha ikapanda. Nikakimbizwa hospitalini usiku kutoka hapa Kinoru, na kufikia asubuhi daktari akasema mtoto lazima atolewe, la sivyo tutapotea wote wawili. Alikuwa na gramu 1,150, zaidi kidogo tu ya pakiti ya sukari ya kilo moja. Akawekwa kwenye inkubeta, mpira wa oksijeni puani, na mwingine wa kupitishia maziwa.

Kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, sisi kina mama tuliamka, tukanawa mikono, tukakamua maziwa, na sista akampimia kila mtoto mililita zake. Asubuhi ni mzani. Siku za kwanza uzito ulishuka hadi gramu 1,060, nikalia mpaka sista akaniambia hiyo ni kawaida. Wakati mwingine mtoto alikuwa anasahau kupumua. Sista anamsugua unyayo kwa kidole, naye anakumbuka.

Kitanda cha karibu nami kulikuwa na mama kutoka upande wa Tigania. Mtoto wake alikuwa mkubwa kuliko wangu, gramu 1,400. Huyo mama ndiye aliyenifundisha kuomba pale. Mimi nilikuwa nimekauka kabisa. Saa tisa usiku, tukitoka kwa watoto, yeye ananishika mkono kwenye korido na kuwataja watoto wetu wote wawili mbele za Mungu, wangu kwanza. Usiku wa tisa mtoto wake alifariki. Asubuhi nilimkuta anajifunga leso kifuani kwa nguvu, kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanakuja.

Mimi nilitoka siku ya 43, mtoto akiwa na gramu 1,850. Nikamwalika huyo dada aje asikie ushuhuda wangu, nikidhani namheshimu. Mlinisikia nikisema: "Mungu alinijibu kwa sababu sikuyumba. Nilikikataa kifo, nacho kikakimbia." Yeye alikuwa ameketi kiti cha nyuma. Jioni nikampigia simu. Hakukasirika. Aliniuliza jambo moja tu: "Dadangu, mimi niliacha kusema nini?"

Sikuwa na jibu. Lile neno "kwa sababu" ndilo lililomchoma. Nikisema mtoto wangu aliishi kwa sababu ya imani yangu, nimeshasema pia kwa nini wake alikufa, hata kama sikukusudia.

Sasa fungua Matendo 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga. Halafu anamkamata Petro, kanisa linaomba kwa bidii, na malaika anamtoa gerezani. Ni sura moja, kanisa moja, na mfalme mmoja. Yakobo na Petro wote walipanda mlimani na Yesu, wote walimwona aking'aa. Luka haandiki popote kwamba Yakobo alipungukiwa na imani. Na wale waliokuwa wakimwombea Petro, walipoambiwa yuko mlangoni, walimwambia yule kijakazi Roda ana wazimu! Basi mlango wa gereza haukufunguliwa kwa ukubwa wa imani yao. Luka anasimulia vifungo vilivyoanguka, na hapo anaacha. Kwa nini Petro na si Yakobo, haelezi.

Nimesoma pia habari za mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, Patrick, aliyezaliwa Agosti 1963 wiki tano na zaidi kabla ya wakati. Alikuwa na kilo 2 na ushei, karibu mara mbili ya wangu. Baba yake hakukosa pesa wala madaktari. Mapafu yalishindwa, na mtoto akaishi saa 39 tu. Leo ugonjwa ule watoto wengi wanapona, kwa dawa ya mapafu na mashine za kusaidia kupumua. Je, imani yangu ilizidi ya nyumba ile? Hapana. Mtoto wangu alizaliwa baada ya watu kujifunza.

Hata ile njia ya kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, niliyofundishwa alipoacha oksijeni, ina historia yake. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey Sanabria aliona inkubeta hazitoshi. Mungu alinijibu, ndiyo. Alinijibu kupitia macho ya sista ambaye hakulala, na mimi katika ushuhuda wangu sikumtaja.

Mwingine atasema, basi tunyamaze, tusiwaumize waliofiwa. Hapana. Wenye ukoma walikuwa kumi, na Yesu aliwauliza wale tisa waliko. Asiyeshukuru anaficha kitu ambacho si chake. Wengine nao huwafariji waliofiwa kwa kusema Mungu alihitaji malaika. Nilimwambia hivyo yule dada siku ile, na aliangalia ukutani. Mama hataki kusikia kwamba Baba yake wa mbinguni alikuja usiku kuchukua mtoto kama mwizi.

Naona tofauti iko hapa: kushukuru ni kusema nilichopokea, na kueleza ni kusema kwa nini mimi nilipewa. La kwanza ni langu kulisema. La pili si langu. Yesu alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa tuwahesabie dhambi kuliko wengine.

Mwezi uliopita mimi na mzee wangu tulienda Tigania. Niliomba msamaha. Halafu nikamuuliza mwanawe aliitwa nani. Siku tisa tulikaa kitanda kwa kitanda na sikuwahi kuuliza! Alinitajia jina, akalirudia mara ya pili, akalia, na tukalia naye. Kisha akaomba amshike mtoto wangu.

Kwa hiyo, wapendwa, ushuhuda wangu uandikwe upya hivi: Mtoto wangu alizaliwa mdogo sana, na yuko hai. Niliomba. Mama mwingine aliomba kuliko mimi, na wake amelala. Masista walikesha. Namshukuru Mungu, na sijui kwa nini.

Dada mjamzito, kichwa kikiuma hakiachi, ukivimba uso au ukiona giza, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda kliniki leo, tutaombea ukiwa njiani. Na wewe utakayesimama mbele kushuhudia, kwanza angalia viti vya nyuma.

Tuombe: Bwana, tupe midomo ya kushukuru, na utuzuie kuhukumu. Amina.