Zamu Yangu ni ya Nani?

Ndugu msomaji, nina swali limenikaa kooni, na kwa kuwa sina wa kumtupia, nakutupia wewe. Mtu aliyetangulia kuandika jina lake kwenye daftari, anamiliki nini hasa? Usicheke. Najua wewe wa mjini utasema hilo ni swali la foleni ya benki. Subiri kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea. Nilipomaliza chuo sikupata ajira, basi nikaenda kujitolea kufundisha Biolojia katika sekondari moja huko Ruangwa. Shule siitaji, maana kosa ninalotaka kulieleza si la shule, ni langu. Ruangwa si ugenini kwetu. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Nachingwea hadi 1995 ilipokatwa ikawa wilaya yake. Wamwera ni walewale, mikorosho ni ileile.

Shule ilikuwa na projekta moja. Moja tu, kwa walimu wote. Ilikaa kabatini katika ofisi ya taaluma, ndani ya begi jeusi, pamoja na waya wa umeme na spika mbili ndogo. Ubavuni mwa kabati lilining'inia daftari lenye kalamu iliyofungwa uzi. Ukiitaka projekta unaandika tarehe, kipindi, somo, jina na saini. Aliyetangulia kuandika ndiye mwenye siku. Basi.

Nililipenda daftari lile, na sababu nitakwambia bila kuficha. Mwalimu wa kujitolea hana cheki namba. Kikao cha walimu anakaa karibu na mlango. Posho zikija, jina lake halimo. Lakini kwenye daftari lile, nikiandika jina langu Jumatatu asubuhi, hata makamu mkuu wa shule akija mchana anakuta siku imeshikwa, anaandika chini yangu. Chini yangu, bwana! Ndiyo karatasi pekee pale shuleni iliyonihesabu kuwa mtu sawa na wenzangu.

Kabla ya daftari, walinisimulia, projekta ilikuwa ya yeyote aliye rafiki wa mwenye ufunguo. Kwa hiyo asije mtu kunidanganya kwamba kuandikisha zamu ni usumbufu mtupu. Pasipo na daftari, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye zamu. Daftari ni ngao ya mnyonge.

Sasa sikia mnyonge alivyoitumia ngao yake. Muhula wa pili nilikaa nikaandika jina langu kila Alhamisi, kipindi cha tano na cha sita, mpaka ukurasa ukaisha. Je, nilikuwa na masomo ya kuonyesha Alhamisi zote hizo? Wapi! Nilikuwa nalo moja, la mzunguko wa damu. Zilizobaki nilijiwekea tu. Si wahenga walisema akiba haiozi?

Siku moja mwalimu wa Jiografia, mama wa makamo aliyeshika chaki tangu mimi sijazaliwa, alinifuata chini ya mwembe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, Alhamisi hii unaitumia ile mashine? Nina Kidato cha Nne, nataka niwaonyeshe volkano."

"Naitumia, mama," nikasema.

"Haya, mwanangu. Hakuna neno."

Alhamisi ile nilikaa ofisini nasahihisha madaftari. Projekta ilikuwa miguuni pangu, ndani ya begi lake. Wala sikuona aibu. Siku yangu, nimeiandikia.

Wiki iliyofuata taa ya projekta ikaungua. Ya kubadilisha ikabidi iagizwe Dar es Salaam, na unajua mambo ya kuagiza. Kidato cha Nne wakafika Novemba, wakafanya mtihani wa taifa, wakaondoka.

Lakini kabla hawajaondoka, nilipita nje ya darasa lao. Yule mama alikuwa amechora mlima Ol Doinyo Lengai ubaoni kwa chaki nyeupe, na chaki nyekundu ikishuka ubavuni. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo lava inavyoshuka, inakwenda kama maji au kama uji?"

Mama akafikiri. "Kama uji mzito," akasema. Wakaandika.

Ni jibu la haki kwa volkano nyingi. Lakini nilikuja kusoma baadaye kwamba mlima ule, ulio kaskazini mwa nchi yetu wenyewe, una maajabu yake. Lava yake ni nyepesi mno, hutiririka karibu kama maji. Mchana huonekana nyeusi, si nyekundu, na ikishapoa ikakaa hewani hugeuka nyeupe. Wanasayansi hutoka nchi za mbali kuja kuitazama. Filamu ya dakika mbili ingemjibu yule kijana, na dakika hizo mbili nilikuwa nimezikalia.

Utaniambia: kwani ulivunja sheria gani? Hakuna. Na hapo ndipo pananichoma. Sheria yote niliishika, nikaua kile ambacho sheria iliwekwa kukilinda. Daftari lilikuwa na safu tano, na hakuna hata moja ya wanafunzi. Jina langu lilisimama pale kwa niaba ya watoto wa darasa langu. Siku nisiyokuwa na cha kuwaonyesha, lile halikuwa jina tena, lilikuwa wino.

Na wahenga? Nadhani walisema kweli, ila walikuwa wanazungumzia mtama na fedha. Saa haiwekwi akiba. Alhamisi usiyoitumia haikungoji mpaka Ijumaa, inaoza jioni ileile. Kwa hiyo anayeandika jina lake hajanunua kitu. Amekopa saa ya watu, na anadaiwa.

Sisi wa Nachingwea tungepaswa kulijua hili kuliko wote. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango wao wa karanga hapa Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Misitu ikafyekwa, matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Mashine zilikuwapo, ardhi ilishikwa, karanga hazikuonekana. Miaka ishirini na mbili baadaye, mwaka 1973, nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, wakarudi kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio moja ilitosha kikundi kizima, kwa sababu saa ya kipindi ilikuwa ya wote. Basi wingi wa vyombo si hoja. Hoja ni kujua saa ni ya nani.

Muhula ulipofungwa nilimwendea yule mama kumwomba radhi. Nikamwambia: siku ile nilikudanganya, sikuitumia.

"Nilijua," akasema. "Niliingia ofisini kuchukua chaki, nikaliona begi miguuni pako."

Nikaishiwa nguvu. "Sasa mama, mbona hukulichukua?"

"Ningekunyang'anya mbele ya walimu, mwanangu, kesho nani angeliheshimu lile daftari? Leo ningekunyang'anya mimi kwa sababu nzuri. Kesho mwingine angekunyang'anya kwa sababu ya ukubwa wake. Wewe bila lile daftari una nini hapa?"

Kumbe aliilinda ngao yangu siku ileile niliyoitumia kumpiga nayo.

Tangu hapo siandiki jina kama somo halipo tayari, na somo likiharibika nafuta mapema nimwambie mwenzangu. Hilo limekwisha. Lisilokwisha ni hili: mama alilinda utaratibu, na gharama yake wakailipa watoto ambao hawakuulizwa. Wakaondoka Ruangwa na uji wao mzito. Kuna usiku naona alifanya sawa. Kuna usiku natamani angeinama, anyanyue lile begi, aende zake darasani, na mimi nibaki na jina langu kwenye karatasi.

Wewe msomaji, ungekuwa yeye, ungelinyanyua?