Sukari: Halali Yake na Hesabu Yake

Wako watu ambao wakishasikia kitu kimeitwa halali huona mazungumzo yamekwisha. Sukari ni halali, wala sisi hatukukusudia kumharimishia mtu kikombe chake cha chai. Swali tunalotaka kulitazama ni jingine: je, kitu kilicho halali chaweza kumdai mwenye kukila? Wengi hukimbilia kujibu "la", kwa kuwa wamezoea kuigawa dunia mafungu mawili, la haramu la kuogopwa na la halali la kusahauliwa.

Hoja yao si ya kudharauliwa. Mwanzo wa Surat At-Tahrim, Mtume (S.A.W.) anaulizwa na Mola wake kwa nini ajiharimishie alichohalalishiwa, na kwa riwaya aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha, kitu chenyewe kilikuwa ni asali. Basi mtu atasema: ikiwa Mtume mwenyewe ameambiwa hivyo katika jambo la utamu, nyinyi ni nani? Twajibu kwamba kuharimisha ni jambo moja, na kuacha ni jambo la pili. Mtume huyo huyo aliandaliwa dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akauzuia mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alikana, na Khalid bin Walid akamla naye akitazama. Aliacha bila ya kuharimisha. Mlango huo u wazi kwetu sote, na ndio tutakaopitia.

Ama historia ya sukari, sehemu yake njema ni yetu, na watu wetu hupenda kuitaja. Wahindi ndio waliotangulia kuyapika maji ya miwa yakagandika chembechembe. Jina lake likatoka kwao likapita kwa Waajemi na Waarabu hata likatufikia sisi. Waislamu wakaupeleka muwa Sham, Misri, Sisilia na Andalusi, wakauchimbia mifereji, wakajenga vinu. Lakini Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyekaa Misri baina ya mwaka 1047 na 1050, asimulia kwamba aliona katika karamu ya Idi ya mtawala wa Kairo mti mfano wa mchungwa, matawi yake na majani yake yote yamefanywa kwa sukari. Msafiri aliustaajabia. Sisi twauliza: waliokata miwa ya mti ule walionja nini siku ile ya Idi? Swali hili si la Wazungu pekee.

Wazungu wakauchukua muwa wakauvusha bahari. Columbus aliupakia katika safari yake ya pili, mwaka 1493, akaupeleka visiwa vya Karibi. Na nyuma ya muwa wakafuata watu. Katika karne zilizofuata Waafrika wapata milioni 12 na nusu walipakiwa katika majahazi ya Atlantiki, na wapata milioni mbili hawakuiona nchi kavu tena. Wengi wa waliofika walitiwa katika mashamba ya miwa. Na yafaa msomaji ajue kwa nini muwa ulikuwa mkali kuliko mimea mingine. Muwa ukishakatwa haungoji: usipokamuliwa upesi, maji yake huharibika. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu hakilali, na moto chini ya masufuria hauzimwi, usiku na mchana. Aliyekuwa akilisha kinu akisinzia, magurudumu huushika mkono wake. Na katika vinu vingine shoka liliwekwa tayari, si kwa kukatia miwa, bali kwa kuukata mkono huo kabla mwili mzima haujafuata. Kisha sukari ikapakiwa mapipani ikenda London, nyeupe, haina harufu ya mtu.

Hapa ndipo lilipozuka swali letu kwa sura yake kamili. Mwaka 1791 Bunge la Kiingereza lilikataa kuipiga marufuku biashara ya watumwa. Mtu mmoja, William Fox, akaandika kijitabu akiwataka watu waiache sukari ya Karibi, kwa hoja kwamba mnunuzi ndiye anayemwajiri muuzaji, na muuzaji ndiye anayemwajiri mwenye mjeledi. Thomas Clarkson, aliyekuwa akizunguka nchi kwa kazi hiyo, alikisia kwamba watu wapata 300,000 waliiacha. Wengi wao walikuwa wanawake, ambao hawakuwa na kura ya kupiga. Walichokuwa nacho ni bakuli la sukari juu ya meza. Hawakusema sukari ni haramu. Walisema: hii, kwa njia ilivyopatikana, hatuitaki.

Wakapingwa kwamba mtu mmoja akiacha kijiko chake, kinu cha Jamaika hakitasimama. Ni kweli hakikusimama. Biashara haikukatazwa ila mwaka 1807, na sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ikaanza kazi mwaka 1834, ambapo dola ililipa pauni milioni 20 kwa waliomiliki watu, na waliomilikiwa hawakupewa hata senti. Lakini hoja hiyo yachanganya mambo mawili. Mtu haulizwi kama aliiondoa dhuluma duniani. Aulizwa alichokijua, na alichokuwa na uwezo nacho. Mwenye kujua, akaweza kuacha bila ya madhara, akaendelea, huyo ana fungu lake, dogo au kubwa. Asiyejua hana, ila yule aliyekataa kujua kwa makusudi ni mtu mwingine kabisa.

Na sisi wa pwani tusilisome jambo hili kama kisa cha majirani. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika bahari yetu hii, kikiwamo kile kinachoitwa leo Morisi. Aliyetia mkono alikuwa akisali. Na katika karne ya kumi na tisa, bonde la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya watu wetu wenyewe, waliolimiwa na watumwa. Sukari yake ikapelekwa Unguja na Arabuni. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi hata wakamnyonga Disemba 1889, na ambaye twamsifu kwa haki kwa ushujaa wake, naye alikuwa na shamba la miwa huko. Sifa yake haibatiliki kwa hilo. Lakini mwenye kulaani mjeledi wa Karibi na akanyamaza juu ya Pangani, huyo halaani dhuluma, alaani wageni.

Hatusemi kwamba sukari ya dukani leo ni ya watumwa. Dai lake la leo ni juu ya mwili, na mwili ni amana. Sukari hii nyeupe ni vitu viwili vilivyoungana, glukosi na fruktosi. Glukosi huingia damuni upesi, na kongosho hutoa insulini ya kuisukuma ndani ya viungo. Fruktosi kazi yake kubwa ni juu ya ini, na ini likizidiwa huigeuza mafuta. Mwaka 1921 madaktari wa Toronto waliipata insulini, na aliyekuwa akifa akaishi. Lakini dawa hiyo haikuondoa haja ya kiasi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kutiwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani vijiko sita vidogo, ni bora. Hesabu mwenyewe vikombe vyako, ndugu yangu, kisha ongeza kaimati zilizovikwa shira, mahamri, sharubati na halua ya jioni. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf imeruhusu kula na kukataza israfu kwa pamoja. Sisi twasoma nusu ya kwanza kwa tajwidi.

Na israfu ya mtu juu ya nafsi yake ni nyepesi mbele ya ile anayomlazimisha mwenzake. Ada yetu imeufanya ukarimu upimwe kwa utamu. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari aingia nyumba ya harusi, au matangani, apewa kikombe kimeshatiwa vijiko vinne jikoni. Akisita aambiwa "moja tu haidhuru", akikataa huonekana amemvunjia mwenye nyumba heshima. Hunywa kwa haya. Tumesikia wangapi wakipelekwa hospitali baada ya sherehe, na mwenye karamu akasema ni kadari!

Ramadhani yakaribia. Chai ya tangawizi na iliki haihitaji kutiwa sukari jikoni. Itolewe ilivyo, na bakuli liwekwe kando na kijiko chake, kila mtu atie kadiri ajijuavyo. Na mwenye kusema "imenitosha" aachwe, asiapiwe.